Jina la Mkwe

"Hamna," alisema Mabruki, akakigeuza kioo cha kompyuta upande wa wateja ili wajionee kwa macho yao.

Khairiya alijionea. Palikuwa na Khairiya wa Wete, na Khairiya wa Micheweni, na Khairiya wa Konde aliyezaliwa juzi juzi tu. Lakini Khairiya binti Haroub Abrahman wa Kengeja, ambaye mwenyewe amesimama pale na jasho linamtiririka chini ya mtandio, kwa mujibu wa kompyuta ile alikuwa hajazaliwa bado.

"Angalia kwa jina la baba," alisema.

"Nimeshaangalia."

"Angalia tena, kaka yangu. Kuna watu wanaandika Harubu, kwa u mwishoni."

Mabruki alivuta pumzi ya mtu aliyekwisha beba gunia na sasa anaongezwa jengine. Alikuwa karani wa ofisi ya usajili pale Chake Chake, kijana nadhifu, kalamu zimejipanga mfukoni, kanzu yake ya Ijumaa imetundikwa msumarini nyuma yake, imenyooshwa ikanyooka. Si mtu mbaya hata kidogo. Ila aliipenda kazi yake kuliko watu waliomletea hiyo kazi. Akaandika Harubu. Akaandika Harub. Akaandika Kharub, kwa ukarimu wake mwenyewe. Kompyuta ikafikiri, ikarudi mikono mitupu.

"Hamna, dada. Ntakuandikia barua kuwa kumbukumbu hazikuonekana. Uende nayo kwa sheha wako, muanze usajili wa waliochelewa. Tangazo litabandikwa, watu wapewe nafasi ya kupinga, halafu kamati ikae. Mwezi, mwezi na nusu, cheti unacho."

Mwezi na nusu! Aliyasema hayo kama anayemwambia mtu angojee chai ichemke.

Kaka yake Khairiya, Ridha, alikuwa amelazwa kwenye hospitali kubwa huko bara, figo zake zote mbili zimekufa, anaishi kwa mashine ya kusafishia damu. Khairiya alikuwa anampa figo yake moja. Vipimo vilikwisha fanywa na madaktari walitabasamu, maana damu ya hawa wawili ilikubaliana kuliko walivyotarajia. Lakini hospitali ile ina kamati, na kazi ya kamati ni kuhakikisha hakuna maskini anayeuza kiungo chake kwa jina la udugu. Kamati haisomi damu. Inasoma vyeti vya kuzaliwa, cha anayetoa na cha anayepokea, baba mmoja, mama mmoja. Cha Ridha kipo. Khairiya yeye umri wake wote ameishi bila cheti na hakikumpungukia kitu. Skuli aliingia kwa mkono wa baba yake, kitambulisho alikipata kwa barua ya sheha, na siku alipoolewa hakuna aliyemtaka athibitishe kuwa amezaliwa.

Faili la Ridha lilikuwa linafungwa leo Ijumaa, na kamati inakaa Jumatatu. Atakayekosa kikao hicho atangoja chengine. Na Ruweida, mke wa Ridha, alishaambiwa na daktari bila kuzungushiwa maneno kwamba mishipa ya kupitishia mashine inaziba mmoja baada ya mwengine, na mumewe hatofika kwenye hicho chengine.

"Sina mwezi na nusu," alisema Khairiya. "Nina mpaka mchana."

"Na mie nina mpaka adhana," alijibu Mabruki, akaitupia jicho kanzu yake.

Kwenye benchi, mgongo umeegemea ukuta, alikuwa amekaa Bi Laila, mama yao. Alitoka Kengeja na binti yake tangu alfajiri kwa sababu ofisi ilitaka mzazi awepo. Tangu waingie hakusema la maana. Mabruki alipomuuliza alimwandikisha mtoto kwa jina gani, alimwonyesha Khairiya kwa kidevu, akasema, "Si huyo hapo? Muulize mwenyewe." Alipoulizwa la mumewe, akasema, "Huyo atakwambia." Khairiya akajibu yote mawili. Alidhani mama yake anaona haya za ofisini, haya za watu wazima wa shamba mbele ya kijana mwenye kalamu nyingi.

"Nitafutie kwa jina la mama, basi," alisema Khairiya.

"Kompyuta haitafuti hivyo."

"Kwenye vitabu vyenyewe. Si vitabu vipo?"

"Vitabu vipo chumbani, na raia haingii chumbani. Na vitabu vinakwenda kwa siku, dada, havikupangwa kwa mama. Unataka nisome mwaka mzima, mstari kwa mstari, mwandiko wa manesi?"

"Ndiyo!" Khairiya alipiga meza kwa kiganja, na sauti yake ikatoka mpaka ukumbini, ambako watu waliongojea vyeti vya vifo wakageuza shingo. "Ndiyo, nataka usome! Kuna mtu anakufa, na wewe unanambia mwandiko!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Alitoka mwanamke mfupi, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, kikombe cha kahawa mkononi. Huyo alikuwa Bi Suhaila, afisa msajili, mkubwa wa ofisi, na ofisi nzima ilikaa sawa alipotokea, hata feni ilionekana kuzunguka kwa adabu.

"Nani anayepiga meza yangu?"

"Mie," alisema Khairiya. Hasira zilikuwa bado zimemjaa na zilimpa ujasiri ambao kwa siku za kawaida hakuwa nao. Akamkabidhi barua ya hospitali. Bi Suhaila aliisoma kwa kusimama, mwanzo mpaka mwisho, akarudi akasoma tena pale palipotajwa Jumatatu. Kisha akamgeukia yule aliye kwenye benchi.

"Asalaam alaykum, mama. Huyu ulimzaa lini?"

"Waalaykum salaam. Nfunguo tatu," alijibu Bi Laila mara moja, maana hilo lilikuwa swali la kujibika. "Siku za Hija. Watu wa Kengeja wanarudi shamba na mie nabebwa kitandani kupelekwa spitali."

"Mwaka?"

"Tisini na mbili," alidakia Khairiya.

Bi Suhaila alikitoa kisimu chake, akapekuapekua kalenda. Mfunguo tatu wa mwaka ule ulikuwa umeangukia mwezi wa sita. Akaiweka kahawa mezani, akaingia chumbani mwenyewe, wala hakumtuma mtu. Walimsikia anavuta kitu kizito, anakohoa vumbi, anamlaani mtu fulani aliyepanga vitabu bila ya akili. Alipotoka alikuwa amekumbatia kitabu kikubwa chenye jalada la bluu lililotafunwa na mende pembeni.

"Habari za watu wengine hamtozisikia," alisema. Alikata kipande cha boksi la karatasi, akakiweka juu ya ukurasa, akaacha wazi safu moja tu ya jina la mama. "Nitakusomea mama tu. Ukisikia lako, sema."

Akaanza. Bikombo. Time. Sada. Mgeni. Siti. Alisoma kama anayehesabu mikungu ya ndizi, bila ya kupanda wala kushuka, na kila jina lilipopita Khairiya alihisi kama kuna mlango uliofungwa. Waliwahi kuzaliwa watoto wengi mno kisiwani hapa. Mabruki alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati ili akatawadhe. Kwa mbali, msikiti wa upande wa Madungu uliwashwa kipaza sauti, mtu akakipuliza kujaribu.

"Laila," alisoma Bi Suhaila. "Laila Khamis."

"Siye."

Akageuza ukurasa. Akageuza mwengine. Sasa hata Mabruki alikuwa amesogea karibu, mikono imekunjwa, hatawadhi.

"Laila Matano."

Kwenye benchi, Bi Laila aliinua kichwa. Matano ni baba yake.

"Wa wapi?" Khairiya aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

Bi Suhaila alilitelezesha lile boksi pembeni kidogo. "Kengeja." Akaliondoa kabisa. Halafu akavaa miwani vizuri, akasogeza uso mpaka karibu ya karatasi, kama mtu aliyeona funza kwenye embe.

"Mtoto mwanamke," alisoma. "Jina la mtoto, Bimkubwa. Jina la baba..." Akasita. "Jina la baba, Baba Ridha."

Mabruki alicheka. Hakukusudia ubaya, kilimponyoka tu. "Bimkubwa Baba Ridha! Wallahi kazi hii ina mambo."

Khairiya hakucheka. Aliutazama ule ukurasa, mwandiko mzuri wa duara, wino uliofifia, na jina la muuguzi chini yake, Modester, mtu wa bara bila shaka, ambaye aliuliza maswali yake kwa utaratibu na akaandika vile vile alivyojibiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba amejibiwa kwa heshima badala ya majina.

Maana mambo yalikuwa wazi sasa, wazi mpaka yanatia uchungu. Nyumba zao, kwa wanawake wa rika la Bi Laila, mke hamtaji mumewe kwa jina. Mume ni Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Na mkwe ndiyo kabisa, jina lake halipiti mdomoni, akiwa yupo na hata akiwa hayupo. Haroub alipompa binti yake jina la mama yake mzazi, Khairiya, alifanya jambo la kupendeza kwa mama yake na akamwachia mkewe mzigo. Utasimamaje uani ukapayuka, "Khairiya we, njoo uoshe vyungu," na Khairiya mwenyewe, mama wa mumeo, amekaa barazani anachambua mchele? Kwa hiyo Bi Laila alimwita mtoto Bimkubwa, toka siku ya kwanza hadi leo hii asubuhi. Khairiya alilijua hilo maisha yake yote kama anavyolijua paa la nyumba yao, bila ya kulitazama. Hakuna siku aliyosikia jina lake likitoka kinywani mwa mama yake.

"Lakini ndiyo hii!" alisema ghafla. "Bi Suhaila, ndiyo hii! Baba Ridha. Ridha ndiye kaka yangu! Nini tena wanachokitaka, kitabu kimemtaja mgonjwa mwenyewe!"

"Mie nakuamini," alisema Bi Suhaila. "Hata huyu Mabruki, alivyo, anakuamini. Lakini nikitoa cheti kama kitabu kilivyo, kamati ya bara itasoma nini? Mtoto anaitwa Bimkubwa. Baba yake anaitwa Baba Ridha. Wewe kwenye kitambulisho ni Khairiya Haroub. Watasema umeokota cheti cha mtu."

"Si mrekebishe!"

"Naweza kurekebisha. Kosa kama hili lipo kwenye uwezo wangu, leo leo, kwa kiapo cha yule aliyetoa taarifa. Nikishaandika kiapo chake, cheti kinatoka papo hapo na Mabruki anakituma hospitali kwa simu kabla hajaenda kusali." Akakiinua kidole. "Na bahati yako, aliyetoa taarifa yuko hai, amekaa pale. Atamke tu."

Atamke tu. Bi Suhaila ni mtu wa mjini.

Walimleta Bi Laila mezani, wakampa kiti. Akaapishwa kwa Mwenyezi Mungu, akaapa kwa sauti ya kusikika, maana kwa jina la Mungu hakuwa na haya. Bi Suhaila akashika kalamu.

"Wewe ndiye uliyemzaa mtoto huyu na ndiye uliyetoa taarifa kwa muuguzi?"

"Ndiye mie."

"Jina halisi la mtoto ni nani?"

Bi Laila alimtazama binti yake. "La bibi yake."

"Bibi yake nani?"

"Mama wa baba yake."

"Najua ni mama wa baba yake, Bi Laila. Jina."

Mama akainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinaukunja na kuukunjua upindo wa buibui. "Nipe wino nitie dole gumba," alisema. "Weye andika, mie ntatia."

"Siwezi kuandika usichokisema."

"Aah, mama," aliingilia Mabruki, ambaye sasa alitaka mambo yaishe. "Sema tu Kha..."

"Nyamaza!" Bi Suhaila alimpigia ukelele mpaka akaruka. "Usimtajie! Ukimtajia, kauli si yake tena, ni yako. Nishawahi kurejeshewa faili kwa hilo hilo, likakaa mwaka. Na wewe," alimgeukia Khairiya, "usifumbue mdomo. Wote nyamazeni."

Bi Laila akazidi kuukunja upindo wa buibui. Kutoka Madungu msomaji alikwisha anza kusoma sura ya Al-Kahf kabla ya adhana, na kila aya iliyopita Khairiya aliihisi mgongoni.

"Mama," alisema, akashindwa kujizuia. "Njoo huku."

Akamshika mkono, akamtoa hadi ukumbini, pembeni ya mtungi wa maji wa wateja.

"Mama, Ridha anakufa."

"Nnajua."

"Anakufa, na weye unaona haya!"

"Haya si kitu kidogo, Bimkubwa."

"Usiniite Bimkubwa!" Watu waligeuka tena, na Khairiya hakujali. "Bimkubwa ndiye aliyetufikisha hapa! Bibi kafa, mama. Kafa na mie ni ntoto, yumo kaburini, hasikii. Baba naye kamfuata. Unamwonea haya nani? Unamwonea haya mchanga?"

Neno lile lilipotoka alitamani kulirudisha. Bi Laila hakumpiga wala hakulia. Alimtazama tu, kwa muda, kama anayemtazama mtoto wa jirani.

"Mie nliolewa nyumba ile sijui hata kupika wali," alisema, polepole. "Nliuunguza siku ya mwanzo. Baba yenu kakasirika, kaondoka. Yeye bibi yenu kaja jikoni, kanfuta machozi kwa upindo wa kanga yake, kaula ule wali na ukoko wake, kasema ntamu. Mpaka anakufa hakupata kunnyanyulia sauti. Nkamwite kwa jina, kama niliyecheza naye? Siku ulozaliwa, yule nesi ananiuliza jina, yeye kasimama hapo hapo kitandani, kashika kibakuli cha uji, ananlisha kwa kijiko. Ningelitaja mbele yake? Hebu nambie weye. Ningelitaja?"

Hakuna aliyewahi kumsimulia Khairiya habari ya ukoko wala ya kibakuli cha uji, na alimwonea mama yake huruma, na pamoja na huruma hiyo alitaka kumtikisa mabega mpaka jina lidondoke.

Simu ikalia. Ruweida.

"Wifi, mmepata?" Sauti ilikuwa ya mtu anayetembea haraka kwenye ukumbi mrefu. "Nambie mmepata. Wamemrudisha tena chumba cha mashine, ule wa shingoni umeziba, sasa wanatafuta wa pajani. Muuguzi wa faili kaja kuniuliza mara nyengine, anafunga, anataka kwenda."

"Tumekiona kitabu. Bado kidogo."

"Kidogo gani?"

Khairiya akashindwa kusema ni kidogo gani. Na Bi Laila, ambaye simu huziogopa na huzishika kwa ncha za vidole, akaipokonya ile simu mkononi mwa binti yake.

"Nipe mwanangu," alisema.

Kukapita mchakacho, minong'ono, chuma kimegongana na chuma. Halafu Ridha. Khairiya hakusikia alichosema, alisikia tu uzito wake, sauti ya mtu anayezungumza huku amelazwa na kubanwa. Mama alisikiliza. Akasema, "Ee." Akasema, "Ee, baba." Akasema, "Usizungumze, utachoka." Kisha akairudisha simu kwa bintiye bila ya kuikata, kwa kuwa kukata hajui.

"Kasema nini?"

"Kasema mie nisijisumbue. Eti niende zangu nyumbani nikapumzike." Midomo ya Bi Laila ilicheza. "Kwanza liko wapi bomba?"

Bomba lilikuwa nje, chini ya dirisha. Bi Laila alifungua maji, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, kama anayetaka kusoma msahafu. Akaosha uso. Akainua viganja, akasoma Fatiha, na mwisho wake akasema kitu kwa sauti ndogo, si kwa Mungu, kwa mtu mwengine. Khairiya alisimama nyuma yake akasikia maneno mawili tu, "nisamehe, mama." Akageuza uso pembeni, kwa kuwa hayo hayakuwa yake kuyasikiliza.

Adhana ilikwisha anza walipoingia. Ukumbi ulikuwa umepungua watu. Mabruki alikuwa amevaa kanzu yake, amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Alipowaona aliurudisha ndani, akaenda kukaa mbele ya kompyuta, kanzu na yote.

Bi Laila alikaa kwenye kiti kabla hajakaribishwa.

"Niulize," alisema.

Bi Suhaila alishika kalamu. Alikuwa mtu mwenye akili, akaanza na lile jepesi kuliko jengine. "Jina la baba wa mtoto."

Bi Laila alifumba macho. "Haroub," alisema, likamtoka kama mwiba unavyotoka kwenye nyayo. Na alipoona amekwisha ingia kwenye maji, akaendelea. "Haroub Abrahman." Huyo wa pili alikuwa baba mkwe. Wawili kwa mpigo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Ahsante, mama. Na jina la mtoto."

Midomo ya Bi Laila ilifunguka. Ilifunga. Ilifunguka tena ikatoa pumzi iliyokuwa na umbo la neno, na Khairiya, aliyesimama nyuma ya kiti, alizishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Feni ilizunguka. Kwenye simu iliyokuwa mezani, ambayo bado haikukatwa, mashine ya hospitali ilikuwa inalia kwa mbali, pii, pii, na mtu anamwita muuguzi.

"Sikusikia, Bi Laila," alisema Bi Suhaila. Alisema kwa upole, lakini kalamu yake haikugusa karatasi. "Siwezi kuandika nisichokisikia."

"Nshasema."

"Sikusikia, mama yangu. Sema kama unavyowaita watu wako."

Ndipo Bi Laila alipoinuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Alisimama wima ndani ya ofisi ile, macho ameyafumba, akajaza kifua pumzi, akaita. Hakulitaja, aliliita, kwa sauti ile wanawake wa Kengeja wanayomwitia mtoto aliyeko ng'ambo ya konde ya mihogo na mvua inakuja.

"Khairiya!"

Na Khairiya, mtu mzima na watoto wake, ambaye alikuwa ameamrishwa asifumbue mdomo, alisikia anaitwa na mama yake, akaitika kabla hajajua kuwa ameitika.

"Bee, mama!"